Jinsi ya kuisoma na kuiandika Lojban kwa ulimi wa Kiswahili

Mpwa wangu wa kidato cha tatu alikuja barazani kwetu Makorora jioni moja, mkononi ana karatasi yenye mstari mmoja: *lo mlatu cu pinxe lo ladru*. Akausoma kwa sauti: "Lo m-la-tu su pinkse lo ladru." Kisha akaniangalia. "Mjomba, nimepatia?"

Maneno sita, makosa matatu, na mojawapo lilikuwa limefuta kila alichokisema kabla yake. Mstari wenyewe ni mwepisi, maana yake paka anakunywa maziwa. Lakini Lojban haina huruma kwa sauti iliyopotea njia, na ndiyo sababu nimeamua kuandika hatua hizi kama nilivyomfundisha yeye, kwa mifano ya hapa hapa Tanga.

Kwanza, ni lugha gani hii? Lojban ni lugha ya kubuni. Chimbuko lake ni Loglan, lugha aliyoanza kuitunga James Cooke Brown huko Marekani mwaka 1955. Mwaka 1987 kikundi kiitwacho Logical Language Group kikaanza kazi upya na kuitunga Lojban, na mwaka 1997 kikatoka kitabu kikubwa cha sarufi yake kilichoandikwa na John Cowan. Shabaha ya watunzi ni sentensi isiyo na muundo wa kutatanisha: ukiisikia, uichanganue kwa namna moja tu. Maneno yake ya mzizi, zaidi ya 1,300, yalichongwa kwa kuchanganya sauti za Kichina, Kihindi, Kiingereza, Kirusi, Kihispania na Kiarabu. Kiswahili hakimo kwenye orodha hiyo. Hata hivyo, naamini Mswahili wa pwani anaingia darasa hili akiwa na mtaji mkubwa kuliko wengi, ilimradi ajue ni tabia gani moja ya ulimi wake aiache mlangoni. Nitaifikia.

Hatua ya kwanza: herufi

Lojban ina alama 26: herufi 23, pamoja na nukta, mkato na ritifaa. Herufi 19 zisome kama unavyosoma gazeti: a, e, i, o, u, b, d, f, g, k, l, m, n, p, r, s, t, v, z. Hakuna herufi bubu, na hakuna herufi inayobadilika tabia kwa sababu ya jirani yake. G ni ya "gari" popote ilipo. S haigeuki z. Kama lilivyoandikwa, ndivyo linavyosomwa, na hili sisi tumelizoea tangu darasa la kwanza.

H, q na w hazipo kabisa. Zinazobaki ni nne, c, j, x na y, na hapo ndipo pa kukaa kidogo.

C ni sh. Siku zote. Neno *ckule* maana yake shule, na linasomwa "shkule", kama neno letu lililoongezwa k katikati. *Cukta* ni kitabu: SHUK-ta. (Herufi kubwa ninazoandika hapa ni zangu, za kukuonyesha mkazo.) Ukitaka sauti yetu ya ch, Lojban inaiandika kwa herufi mbili, tc: *tcati* ni chai, *tcadu* ni mji. Ukitaka j yetu ya "jahazi", inaandikwa dj: *djacu*, JA-shu, ni maji, *cidja*, SHI-ja, ni chakula.

J ikiwa peke yake ni sauti ambayo Kiswahili hakina. Wanaojua Kifaransa wanayo tayari. Asiyejua, afanye hivi: weka vidole viwili kooni, sema "sss" kwa muda, kisha "zzz". Kwenye z koo linatetemeka, kwenye s limetulia. Ulimi haujasogea hata kidogo. Sasa sema "shhh", na ulimi ukiwa pale pale liamshe koo litetemeke. Sauti uliyoipata ndiyo j ya Lojban. Jaribu *jubme*, meza. Jina la lugha yenyewe pia lina j hiyo, kwa hiyo tukisema "Lo-ji-bani" tunakosea zaidi ya mara moja.

X ni kh. Hapa waliopita chuoni kwa maalim wanacheka tu, maana ni ile khaa ya Kiarabu, ile inayosikika mzee akisema "sabalkheri" kwa ukamilifu wake. *Xamsi* ni bahari: KHAM-si. *Xamgu* ni -zuri, -ema. Tuna watu wanaoitwa Hamisi na wengine Khamisi, na Lojban inataka ya pili. Mpwa wangu alisoma x kama "ks" kwa sababu ya masomo ya Kiingereza. Nilipomwambia ni kh ya chuoni, kosa likaisha papo hapo.

Y si ile ya "yai". Ni irabu ya sita, sauti fupi iliyolegea: mdomo nusu wazi, midomo haijaviringwa, ulimi umelala katikati. Iko karibu na ule mguno wa mtu anayetafuta jibu. Na katika Lojban mtu anayesitasita husema hivyo hivyo, *.y.*, ikiwa ni neno halali. Utaikuta y pia kama gundi ndani ya maneno yaliyounganishwa, na kwenye majina ya konsonanti: b huitwa *by*, c huitwa *cy*, d huitwa *dy*.

Hatua ya pili: mkazo

Hii ni zawadi. Katika maneno makubwa ya Lojban, yale yenye maana ya kitu, tendo au sifa, mkazo unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama "kiTAbu", kama "TAnga". *Klama* ni KLA-ma, *ladru* ni LA-dru. Huhitaji kujifunza chochote.

Tofauti ziko mbili tu. Silabi yenye y haihesabiwi. Neno *dikyjvo* lina silabi tatu, di-ky-jvo, lakini ky inarukwa, kwa hiyo mkazo unaangukia DI. Ya pili inatugusa zaidi: l, m, n au r ikisimama kama silabi yenyewe, nayo haihesabiwi wala haibebi mkazo. Sisi katika "mtu" tunaiwekea mkazo ile m bila kufikiri. Lojban hairuhusu.

Herufi kubwa hazianzi sentensi wala jina. Kazi yake ni moja, kuonyesha mkazo uliotoka mahali pake pa kawaida, na hiyo hutokea kwenye majina ya kigeni. Fikiria "barabara" tunayopita na "barabara" ya kusema sawasawa kabisa. Maandishi yetu hayatenganishi, msomaji anakisia kwa maana. Yangekuwa majina ya watu katika Lojban, la kwanza lingeandikwa *.barabaras.* na la pili *.baRAbaras.*

Hatua ya tatu: ritifaa

Hapa tusahau ng'ombe. Ritifaa yetu inaizuia g isisikike. Ritifaa ya Lojban ni h nyepesi inayokaa kati ya irabu mbili, na haikai mahali pengine popote. *Ki'e* ni asante: "kihe". *Co'o* ni kwaheri: "shoho". *Fi'i* ni karibu: "fihi", na ukiishi pwani neno hilo utalihitaji mapema. *Mi'e* ni la kujitambulisha.

Hatua ya nne: irabu mbili, pumzi moja

Ai, ei, oi na au ni silabi moja. Sisi "chai" tunaitamka kwa hatua mbili, cha-i. Salamu ya Lojban ni *coi*, na karibu kila Mswahili niliyemsikia anasema "sho-i". Ivute pamoja: shoy! Midomo ianze na o na iteleze kwenye i bila kusimama.

Ziko pia zinazoanza na i au u, kama ia, ie, ua, ui, ambazo ni sawa na ya, ye, wa, wi zetu. Hizo utazikuta kwenye majina, kwenye maneno ya kukopa na kwenye viingizi: *.ui* ni furaha, *.ua* ni ya mtu aliyegundua jambo, *.ie* ni ya kukubali.

Kuvuta au kutenganisha si suala la lafudhi, maana neno lenyewe linabadilika. *.oi* ni kulalamika. *.o'i* ni kutahadharisha. Mtu anakupigia kelele mojawapo ukiwa unavuka barabara ya Ngamiani na baiskeli zinakuja kutoka kila upande. Ni vizuri ujue ni ipi.

Hatua ya tano: konsonanti zilizobanana

Sasa ile tabia ya kuiacha mlangoni. Kiswahili kinapenda kila konsonanti ifuatwe na irabu yake. Tukikutana na konsonanti mbili tunachomeka i au u ndogo bila hata kujua. Katika Kiswahili hilo halidhuru, ndiyo namna yetu ya kumkaribisha mgeni. Katika Lojban unabomoa neno.

Sababu iko kwenye ujenzi wa lugha. Kila neno la mzizi lina herufi tano, linaishia kwa irabu, na ndani yake lazima kuwe na konsonanti mbili zilizoshikana: mwanzoni kama *klama*, kwenda, au katikati kama *xamsi*. Mshikamano huo ndio unaomwambia msikilizaji kwamba hili ni neno kubwa. Usipousikia, basi yanayosikika ni maneno madogo madogo yamefuatana. Sema "kilama", na umesema *ki*, *la*, *ma*, maneno matatu, kila moja na kazi yake. *Mi prami do* ni "nakupenda". Chomeka a moja, "mi parami do", na msikilizaji anapata *mi pa ra mi do*. Mapenzi yametoweka, na ndani yake imeingia namba moja.

Kitabu cha 1997 kinaruhusu msemaji aliyeshindwa kabisa achomeke sauti fupi mno, isiyofanana na irabu yoyote ya zile sita, isiyobeba mkazo. Lakini sisi tunachochomeka ni i na u kamili, kwa hiyo ruhusa hiyo haitusaidii. Bora kufanya mazoezi, na vifaa vya mazoezi tunavyo mdomoni tayari. Chukua neno la Kiswahili lenye mshikamano unaoutaka, likate, bandika mwisho mpya:

Klabu → kla → *klama*.
Blanketi → bla → *blanu*, rangi ya bluu.
Presha → pre → pra → *prami*.
Skuli → sku → ska → *skami*, kompyuta.
Mishkaki → shka → shku → *ckule*.
Mazda → zda → *zdani*, nyumba.
Jumla → mla → *mlatu*, paka.

Hilo la mwisho tulikaa nalo karibu robo saa. Mpwa wangu alikuwa anaifanya m isimame peke yake kama kwenye "mlango", na neno la silabi mbili likawa na tatu. Nikamwambia aseme "jumla, jumla, jumla" haraka, halafu "ju" aiseme kimoyomoyo. Mara ya nne au ya tano ikatoka: mla-tu. Aliisikia mwenyewe kabla yangu.

Jambo jingine la ndugu wa Kibantu: n mbele ya b au p tunaigeuza m. Lojban haigeuzi. *Finpe* ni samaki: FIN-pe, si "fimpe". *Kanba* ni mbuzi, *nanba* ni mkate. Ncha ya ulimi iguse nyuma ya meno kabla midomo haijafungana. N mbele ya g au k haina shida, iache isikike kama ilivyo kwenye "Tanga".

Hatua ya sita: maneno madogo

Watunzi wa Lojban walipochonga maneno ya mzizi waliepuka maneno mawili yanayotofautiana kwa herufi moja tu, ikiwa herufi hizo zimekaribiana sauti, kwa mfano l na r, au c na s. Kwa hiyo kwenye maneno makubwa ukiteleza kidogo, huenda ukaeleweka. Maneno madogo hayana kinga hiyo. *Lo mlatu* ni paka. *Ro mlatu* ni paka wote. *Ci* ni tatu. *Si* inafuta neno ulilotoka kulisema. Na *cu*, kineno kinachotenganisha mtajwa na anachofanya, kina ndugu yake hatari, *su*, ambaye kazi yake ni kufuta kila ulichosema tangu mwanzo. Hilo ndilo lililompata mpwa wangu. Alimweka paka barazani, akamfuta, akaendelea na maziwa.

Njia nzuri ya kuzoea ni namba, kwa kuwa ni fupi na zinarudiwa: *no* 0, *pa* 1, *re* 2, *ci* 3, *vo* 4, *mu* 5, *xa* 6, *ze* 7, *bi* 8, *so* 9. Zinatajwa tarakimu moja moja. Samaki wa shilingi 3,600 ni *ci xa no no*, yaani "shi kha no no". Siku nzima ukipita dukani na sokoni, kila bei unayoiona isome kimoyomoyo. Wiki moja inatosha.

Hatua ya saba: nukta

Nukta haifungi sentensi. Ni agizo la kupumzika kidogo, kukata sauti. Neno lolote linaloanza na irabu linatanguliwa na mapumziko hayo, ndiyo maana tumeandika *.ui* na *.oi*. Sentensi mpya hufunguliwa kwa *.i*. Alama ya kuuliza haihitajiki, kwani swali la ndiyo au hapana lina neno lake, *xu*, linalotamkwa. Wapo wanaoacha kuandika nukta, lakini kupumzika hakuachwi.

Hatua ya nane: kuandika majina yetu

Hapa ndipo raha ilipo. Jina la kigeni katika Lojban lazima liishie kwa konsonanti na lifungwe kwa nukta. Mimi naweka nukta pande zote mbili, na nakushauri ufanye hivyo. Kanuni ya zamani ilikataza majina yenye *la* ndani yake, kwa hiyo Abdala alikuwa mashakani. Nukta ya mbele imemwokoa, anaandikwa *.abdalas.*

Majina yetu huishia kwa irabu, basi tunaongeza s au n. Angalia uzuri wake: konsonanti hiyo haiongezi silabi, hivyo mkazo unabaki pale pale alipouweka bibi. Tanga ni *.tangas.*, Pangani ni *.panganis.*, Lushoto ni *.lucotos.*, Korogwe ni *.koroguen.* W yetu inakuwa u, y yetu inakuwa i. Bagamoyo inahitaji mkato, ambao huonyesha silabi zinapoachana: *.bagamo,ios.*

H ikiwa kati ya irabu inageuka ritifaa: Muheza ni *.mu'ezas.*, Sahare ni *.sa'ares.* Ikiwa mwanzoni haina pa kukaa, chagua x au iache. Hasani naandika *.xasan.*, Handeni *.xandenis.* Irabu pacha hazikubaliki, kwa hiyo Saadani inakuwa *.sa'adanis.* Konsonanti pacha vile vile. Th, dh na gh hazipo. Ramadhani atachagua mwenyewe kati ya *.ramazanis.* na *.ramadanis.*, na uamuzi wake uheshimiwe.

Halafu kuna mikutano iliyopigwa marufuku. Konsonanti ya kutetemesha koo haikai na isiyotetemesha, isipokuwa l, m, n na r ambazo hupatana karibu na zote. C, j, s na z hazikai mbili pamoja. Na mz imekatazwa kwa jina, jambo gumu kwa watu wanaosema "mzee" kutwa mara hamsini. Pia ndj imekatazwa, yaani nj yetu hasa. Dawa ya yote mawili ni y, ile gundi isiyohesabiwa: Mzingani ni *.myzinganis.*, Mikanjuni ni *.mikanydjunis.*

Jina likishakamilika, litangulize *la*: *mi klama la .tangas.*, naenda Tanga. Ukimsalimia mtu huhitaji *la*: *coi .fatumas.*

Chukua daftari uandike mitaa kumi unayoijua, na majina ya watu wa nyumbani mwako. Mpwa wangu aliandika ukurasa mzima kabla ya magharibi, kisha akaurudia ule mstari wa kwanza: lo MLA-tu shu PIN-khe lo LA-dru. Paka wetu, aliyekuwa amelala chini ya kiti, hakuamka. Mtoto akakunja karatasi yake, akavaa viatu, na kutoka mlangoni akaniita, "Shoho, mjomba."